Penseli Kambini: Namna ya Kusoma Michoro ya Askari wa Vita vya Marekani, 1861–1865

Askari asiyefundishwa kuchora akimchora mwenzake anapasua kuni, shingo hupotea, mikono hurefuka na kichwa huzidi mabega. Shoka, hata hivyo, hulipatia. Mpini unakuwa na mkunjo wake, na gogo limeegemezwa juu ya jingine vile linavyoegemezwa kweli, kwa sababu kazi hiyo aliifanya mwenyewe asubuhi. Michoro ya makambi ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani inataka kutazamwa kwa jicho hilo. Acha kuuliza kama mchoro ni mzuri, uliza mchoraji alikuwa anaijua kazi gani, na utaona mambo ambayo vitabu vingi vya historia vimeyapita mbio.

Vita ile ilidumu miaka minne, na siku za kupigana zilikuwa chache mno ukizilinganisha na siku za kukaa. Baridi ikiingia, barabara za Virginia zilikuwa tope tupu, magari ya nyumbu yakakwama hadi ekseli, na majeshi ya Kaskazini (upande wa serikali) na Kusini (majimbo yaliyojitenga) yakajichimbia kambini kwa miezi. Askari wengi walijua kusoma na kuandika. Waliandika barua kwa wingi ajabu, na maneno yalipowashinda, walichora.

Kamera zilikuwapo, lakini zilikuwa na mipaka yake. Mpiga picha alikipaka kioo dawa, akakipiga kikiwa kibichi na kukisafisha kabla hakijakauka, yote ndani ya dakika kama kumi. Lenzi ilikaa wazi kwa sekunde kadhaa, hivyo aliyetembea aligeuka ukungu, na ndiyo maana watu wa picha zile wamesimama wima wamekodoa macho. Usiku, moshi, mchezo wa karata ndani ya hema: hayo yote yaliikimbia kamera. Magazeti nayo hayakuwa na njia ya kuchapa picha. Yalitegemea wachoraji wa kulipwa kama Alfred Waud na Edwin Forbes, na kazi zao zikifika New York zilichongwa upya kwenye mbao na mafundi ambao kambi hawakuwa wameikanyaga. Fundi aliweza kunyoosha kilichopinda na kujaza palipokuwa patupu. Mchoro ambao askari alimtumia mama yake haukupita mikononi mwa fundi yeyote.

Karatasi kwanza, picha baadaye

Vifaa vya askari vilikuwa vile vile vya kuandikia barua. Stempu ya senti 3 ilibeba nusu aunsi, yaani karibu gramu 14, kwa hiyo karatasi ilikuwa nyembamba na ilikunjwa ili iingie kwenye bahasha ndogo. Askari wa Kaskazini asiye na stempu aliruhusiwa kutuma barua ikalipiwa na mpokeaji, mradi ofisa athibitishe juu ya bahasha kwamba ni barua ya askari. Mambo haya ya posta ndiyo yaliyoamua umbo la mchoro: mdogo, umebanwa kichwani mwa ukurasa au pembeni, na mara nyingi maneno yameuzunguka.

Mikunjo ni ushahidi. Ikiwa mstari wa mkunjo unakata mchoro na penseli imekwaruzika pale pale tu, mchoro ulikuwapo kabla ya barua kukunjwa. Tazama pia ukurasa uliokuwa ukigusana nao: penseli laini huacha kivuli chake, na kivuli hicho kinakwambia kurasa zilikaa pamoja kwa miaka. Mchoro safi kwenye karatasi nene isiyo na mkunjo hata mmoja unaweza kuwa wa kweli, lakini haukusafiri ndani ya bahasha. Ama ulitoka kwenye daftari la michoro, ama ulichorwa mtu akiwa nyumbani baada ya vita. Hapo uliza zaidi.

Penseli hufutika, na kwa sababu hiyo baadhi yao walipitisha wino juu ya mistari. Wino wa siku zile ulitengenezwa kwa chumvi ya chuma na vivimbe vya mti wa mwaloni. Unaandika ukiwa hafifu, unakolea hadi kuwa mweusi, kisha kwa miaka unageuka kahawia kama kutu na kuanza kuila karatasi. Penye wino mzito, kama vile kivuli cha chini ya gari au mlango wa kibanda, karatasi hupasuka yenyewe. Mtaalamu akiona kahawia hiyo hadhani kwamba mchoraji alichagua rangi ya udongo. Alichora kwa wino mweusi.

Rangi za maji zilikuja kama vipande vikavu ndani ya kiboksi kidogo, na maji ya chupa ya askari yalitosha. Shida ilikuwa baridi: maji yakiganda kabla rangi haijakauka, huacha michirizi kama ya barafu kwenye kioo cha dirisha, nayo haifutiki tena.

Upande wa Kusini karatasi yenyewe iliadimika. Gazeti moja la Vicksburg, Mississippi, lilifikia kuchapwa nyuma ya karatasi za kupamba ukuta mwezi Julai 1863, mji ukiwa umezingirwa. Usishangae basi kukuta mchoro wa askari wa Kusini umefanywa juu ya ukurasa wa daftari la hesabu, mistari ya safu za fedha ikipita katikati ya mahema.

Hema linakupa mwaka

Anayetaka kujua mchoro ni wa lini aanze na mahema. Mwanzoni mwa vita utaona sana hema la Sibley, lililopewa jina la Henry Hopkins Sibley, ofisa aliyelibuni katika miaka ya 1850 kisha akajiunga na Kusini. Ni la mviringo lenye ncha juu, upana futi 18 chini, kimo futi 12, na nguzo moja inayosimama juu ya miguu mitatu ya chuma. Lilikusudiwa watu 12, wakalazwa hata zaidi ya 16, miguu yote ikielekea katikati kwenye jiko. Hili ndilo hema ambalo wasio wasanii walilikosea zaidi. Pembetatu ni rahisi kuchora, lakini chini inatakiwa ipinde kwa sababu ni duara, nao waliifanya mstari ulionyooka, hema likawa bapa. Kosa hilo halipunguzi chochote. Tazama juu kabisa kama ameonyesha kipande cha turubai cha kuziba tundu la moshi na kamba zake mbili za kukigeuza upepo unapobadilika. Mtu aliyewahi kukoswakoswa na moshi usiku hakisahau.

Sibley lilihitaji magari mengi kulibeba, hivyo likaachwa vikosi vilipoanza kutembea kweli. Kuanzia 1862 askari wa Kaskazini alipewa nusu ya hema dogo: kipande cha kitambaa cha pamba chenye vifungo, chenye zaidi kidogo ya futi 5 kila upande. Wawili walifunga vipande vyao pamoja, wakavitundika juu ya kamba au mti uliolazwa juu ya bunduki mbili zilizochomekwa ardhini kwa singe, wakalala humo pande mbili zikiwa wazi. Mchoro unaodai kuwa wa 1861 ukiwa umejaa mahema haya madogo una jambo la kujieleza.

 

Alama ya pili ya tarehe iko juu ya kofia. Machi 1863 Jenerali Joseph Hooker wa Kaskazini aliagiza kila askari wa jeshi lake la Potomac avae alama ya kitambaa ya kundi lake kubwa la jeshi: duara kwa la Kwanza, jani la sehemu tatu kwa la Pili, almasi kwa la Tatu, msalaba wa Malta kwa la Tano, hilali kwa la Kumi na Moja, nyota kwa la Kumi na Mbili. Rangi ilionyesha divisheni, yaani sehemu ya kundi hilo: nyekundu ya kwanza, nyeupe ya pili, buluu ya tatu. Ukiona nyota kwenye kofia katika mchoro ulioandikwa 1862, ama tarehe iliongezwa baadaye, ama mchoraji alikuwa anakumbuka badala ya kutazama.

Vibanda, kahawa na mshumaa

Michoro ya majira ya baridi ndiyo tajiri kuliko yote, nami ningemshauri anayeanza aanzie hapo. Askari wanne walikata magogo, wakajenga kuta fupi, wakaziba nyufa kwa udongo, kisha wakaezeka kwa vipande vyao vinne vya hema vilivyofungwa pamoja. Dohani ilikuwa ya mawe au magogo chini na vijiti vilivyokandikwa udongo juu, na mwishoni waliweka pipa tupu la nyama lisilo na matako ili moshi uvute vizuri. Udongo ukikauka ulibanduka, vijiti vikashika moto, na pipa lililolowa mafuta ya nguruwe likawaka. Ndiyo maana kwenye michoro mingi unakuta mtu juu ya paa akipiga teke pipa au kumwaga ndoo. Wengine hudhani ni utani wa mchoraji, kumbe ni tukio la kila wiki.

Charles Wellington Reed ndiye wa kumjua vizuri. Alizaliwa 1841, akajiunga na kikosi cha 9 cha mizinga cha Massachusetts mwaka 1862 kama mpiga tarumbeta, na barua alizomwandikia mama na dada yake zimejaa michoro. Tarehe 2 Julai 1863 katika pigano la Gettysburg, Pennsylvania, karibu na shamba la Trostle, kapteni wake John Bigelow alijeruhiwa, na Reed akamtoa katikati ya mistari miwili inayorushiana risasi. Nishani ya Heshima, ya juu kabisa ya ushujaa katika jeshi la Marekani, aliipata 1895. Alikuwa na kipaji, lakini kilichomfanya awe shahidi mzuri ni kazi yake: mpiga tarumbeta hupita kila pembe ya kambi tangu alfajiri hadi taa zizimwe, na farasi wa mizinga aliwajua mmoja mmoja. Tazama lijamu na mikanda anayochora, jinsi mkanda unavyopita chini ya tumbo na kurudi kwenye bizimu. Wachoraji wa kulipwa wengi waliikatiza mikanda hiyo kwa mstari mmoja.

Michoro yake ya adhabu nayo ni ya mtu aliyekuwapo. Kikosi cha mizinga kilikuwa na gurudumu la akiba lililofungwa kwa kulala nyuma ya gari la risasi. Mkosaji alifungwa juu yake mikono na miguu ikiwa imetanuliwa, na wakitaka kumzidishia waliligeuza robo mzunguko, akabaki ananing'inia kwa ubavu. Kwenye vikosi vya miguu utaona mtu amevalishwa pipa lililotobolewa kichwa na mikono, au anazunguka na gogo begani, au amekalishwa juu ya mti mrefu miguu isifike chini. Mwaka 1887 Reed alichora mambo haya tena kwa ajili ya kitabu cha mwenzake wa zamani wa Massachusetts, John D. Billings. Zilinganishe nyakati hizo mbili. Michoro ya kitabu imekamilika na inacheka zaidi. Ile ya barua ina haraka, na mistari mingine haikufika mwisho. Mimi naamini ile ya barua kwanza.

Kuhusu chakula, mchoro mara nyingi ni sahihi kuliko kumbukumbu iliyoandikwa. Watu 100 walipewa kwa siku ratili 10 za kahawa mbichi, au 8 iliyokaangwa. Kila mmoja aliitwanga sehemu yake kwa kitako cha bunduki au jiwe, akaichemsha ndani ya kopo lililotobolewa matundu mawili juu na kutiwa mshikio wa waya. Biskuti ngumu za askari zilikuwa tisa au kumi kwa siku, za mraba wa karibu inchi 3, unene nusu inchi, na kwenye mchoro mzuri utaona vitundu vyake. Makasha yake ya mbao ndiyo meza, kiti, mlango na rafu ya kila kibanda. Ukiona maandishi kwenye kasha, yakuze: wakati mwingine ni jina la mtengenezaji au mahali lilikotoka.

Kisha mshumaa. Singe huchomekwa ardhini au kwenye gogo kwa ncha, na lile tundu lake linaloingia kwenye mtutu linatazama juu na kushika mshumaa barabara. Askari walikichora kifaa hiki bila kukieleza, maana hakuna aliyehitaji kuelezwa. Ni jambo la usiku, ndani, penye mwanga wa njano, na tunalijua kwa undani kwa sababu ya penseli zao.

Nyuma ya ua wa wafungwa

Katika kambi za wafungwa mchoro ulipata kazi nyingine. John Jacob Omenhausser wa kikosi cha 46 cha Virginia alikamatwa Petersburg Juni 1864 na kupelekwa Point Lookout, Maryland, kambi ya mahema kwenye rasi yenye upepo. Huko alichora kwa rangi za maji na kuuza. Hakuwa na mkono mwepesi. Watu wake ni wagumu na nyuso zao zinafanana, lakini kila mmoja ana maneno yake, na maneno hayo ni hazina: bei za vitu, tumbaku na biskuti zikitumika kama fedha, wanaouza panya, wanaogombania maji. Albamu zake kadhaa zimesalia.

Miongoni mwa walinzi wa kambi ile walikuwamo askari Weusi wa jeshi la Kaskazini, ambao kwa vita nzima walifikia karibu 179,000. Omenhausser anawachora kwa dhihaka ya wakati wake, midomo imekuzwa, lugha imevunjwa makusudi. Hata hivyo katika mchoro mmoja mlinzi anamwamuru mfungwa mweupe aondoke kwenye ua, akimwambia kwamba mti wa chini wa ua sasa uko juu. Mchoraji alitaka wenzake wacheke. Alichotuachia ni sauti ya mtu aliyejua hasa kilichobadilika siku ile. Michoro mingi ya makambi ya Kaskazini pia inawaonyesha Weusi waliotoroka utumwa wakipika, wakifua na kutunza farasi, bila jina hata moja chini yake huku majina ya wazungu yakiwa yameandikwa. Uso uliochorwa hivyo ni ushahidi dhidi ya mchoraji. Mikono, sufuria na kazi ni ushahidi wa maisha ya aliyechorwa, na si haki kuvitupa vyote kwa pamoja.

Robert Knox Sneden, askari wa kikosi cha 40 cha New York aliyekuwa mchora ramani, alikamatwa Novemba 1863 na kufikishwa Andersonville, Georgia, ambako walifungwa watu kama 45,000 na kufa karibu 13,000. Alichora kwa siri, kisha baada ya vita akatumia miaka mingi kuifanya michoro yake upya kwa rangi. Kazi zake, karibu 900, zilijulikana kwa umma miaka ya 1990 zilipoingia katika Jumuiya ya Historia ya Virginia. Ni mchora ramani, na unaona: umbo la boma, mkondo wa maji, mstari wa mauti ambao mfungwa akiuvuka anapigwa risasi. Kwa mpangilio wa mahali namtegemea. Kwa tukio la siku fulani nataka na ushahidi mwingine, kwa kuwa karatasi ile ya rangi haikuwapo siku hiyo.

Kisichochorwa

Kanuni za jeshi la Kaskazini ziliweka vyoo vya askari hatua 150 mbele ya mstari wa mbele wa kambi, jiko hatua 20 nyuma ya mahema ya mwisho, na maofisa nyuma zaidi. Ukiwa na mpango huo kichwani utajua mchoraji alisimama wapi na alitazama wapi. Pia utagundua kwamba karibu hakuna anayechora vyoo. Barua zilikwenda kwa mama, dada na mchumba. Lakini takriban theluthi mbili ya waliokufa katika vita ile waliuawa na magonjwa, kuhara na homa ya matumbo zikiwa mbele, na chanzo kilikuwa mashimo yale yale na visima vilivyochimbwa karibu nayo. Kwa hiyo kambi safi ya kwenye barua, yenye barabara zilizofagiwa na matawi ya misonobari langoni, isomwe pamoja na kitabu cha daktari wa kikosi.

Kuitazama na kuitunza

Maktaba ya Bunge la Marekani imeweka mtandaoni michoro mingi ya Reed na ya Adolph Metzner, ofisa wa kikosi cha 32 cha Indiana kilichokuwa cha Wajerumani. Tafuta kwa jina la mchoraji, si kwa jina la pigano, maana mchoro wa jikoni hauorodheshwi chini ya pigano lolote. Pakua faili kubwa kabisa ya TIFF, si ile ndogo ya kioo cha simu. Na usiishie kwenye upande wenye picha. Fungua na wa nyuma, ambako mara nyingi kuna barua, tarehe, au jina la aliyechorwa.

Mwenye karatasi halisi mkononi, ya vita hii au ya zama nyingine yoyote iliyotumia penseli na wino wa chuma, asiipige laminesheni na asiibandike gundi ya plastiki, kwani gundi huingia kwenye nyuzi na kuacha doa la njano lisilotoka. Wino wa chuma haupendi maji wala unyevu, na kwa mikoa ya pwani hilo ni tatizo la kila siku: karatasi ikae ndani ya jalada lisilo na asidi, kwenye kasha lililo mbali na ukuta wa nje, katika chumba kisicho na joto la kupanda na kushuka. Ikitundikwa ukutani, mwanga usizidi luksi 50, na irudi gizani baada ya miezi michache, kwa sababu rangi za maji hupauka na hazirudi. Skani kwa 600 dpi (nukta 600 kwa inchi) pande zote mbili, na kingo zote zionekane. Kisha ipige picha moja zaidi kwa taa iliyolazwa ubavuni, karibu sambamba na karatasi. Mwanga huo huinua mikunjo, alama ya mtengenezaji iliyogandamizwa pembeni, na mistari ya penseli ambayo mchoraji aliifuta kabla ya kuamua mtu wake asimame wapi.